Kompyuta yagoma kuwaka asubuhi na DVD hazisomeki: je, ninunue hadi diski (hard disk) mpya?

SWALI

Mzee wetu mshauri,

Shikamoo, na kamwene kutoka Mafinga. Ninaendesha duka dogo la steshenari karibu na stendi, na kazi zangu kubwa ni kuchapa barua na mitihani ya majaribio ya shule za jirani, kuwajazia vijana fomu za maombi ya vyuo mtandaoni, na kuwachomea CD wanakwaya wa sharika na parokia za huku kwetu. Kazi hizo zote ninazifanyia kwenye kompyuta moja ya mezani ya zamani, yenye Windows 7, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika ofisini.

Tatizo lilianza baridi ilipoingia. Kila asubuhi ninapoiwasha, kioo hubaki cheusi chenye maandishi meupe yanayonitaka nibonyeze F1, na nikibonyeza nakuta tarehe imerudi nyuma hadi Januari ya mwaka ambao hata duka hili halikuwapo. Asubuhi nyingine huendelea vizuri mpaka kwenye Windows, lakini zipo asubuhi ambazo huandika kwamba haioni diski ya kuwashia, nami hulazimika kuizima na kuiwasha tena na tena mpaka ikubali. Ikishakubali, hufanya kazi kutwa nzima bila kusumbua, hata nikiizima mchana na kuiwasha upya. Siku ambazo tarehe imerudi nyuma, tovuti za vyuo nazo hukataa kufunguka na kutoa onyo la usalama, ilhali kwenye simu yangu zinafunguka. Jioni ninapofunga duka huzima kabisa swichi ya ukutani, kwa kuogopa radi na umeme unaokatika kisha ukarudi kwa nguvu.

Sehemu ya CD nayo inasumbua. Trei hufunguka kwa shida, na mara nyingine hutoka nusu kisha ikarudi ndani yenyewe. CD za nyimbo husomeka, lakini DVD za harusi na za matamasha hazisomeki kabisa, na kuna siku alama ya kifaa hicho haionekani kwenye kompyuta. Nimeona pia kwamba CD ikisahaulika ndani usiku, asubuhi kompyuta hukwama kwa muda mrefu zaidi.

Fundi mmoja aliitazama akasema hadi diski, ile diski ya ndani inayotunza Windows na mafaili yote, imekufa, kwamba ninunue nyingine naye atanipigia Windows upya, na nilipomuuliza habari za mafaili akasema yatafutika. Ndani ya diski hiyo kuna rekodi za kwaya za miaka mingi ambazo wenyewe hawana nakala nyingine. Uwezo wa kununua kompyuta mpya kwa sasa sina. Je, ni kweli diski imekufa? Na hicho kifaa cha CD kinatengenezeka?

Mwenye Steshenari, Mafinga

JIBU

Marahaba, binti yangu. Umeieleza hali kwa makini, na kwa maelezo hayo siamini kwamba hadi diski yako imekufa. Ninachokiona ni hitilafu mbili tofauti zilizokukuta kwa wakati mmoja, ya kwanza kwenye betri ndogo ya mazabodi, yaani ubao mkuu wa ndani unaounganisha vifaa vyote, na ya pili kwenye kifaa cha CD, na kwa kuwa zote mbili hujitokeza kompyuta inapowaka, ni rahisi mtu kuziona kuwa ugonjwa mmoja na lawama zote zikaiangukia diski. Hata hivyo, lipo jambo ambalo inakupasa ulifanye kabla ya kugusa lolote kati ya hayo mawili.

Jambo hilo ni mafaili. Diski yako, hata ikiwa nzima, ni ya zamani, na rekodi ambazo hazina nakala popote pengine ziko hatarini kila siku unayoiwasha. Asubuhi ijayo kompyuta ikikubali kuwaka, wateja wasubiri kidogo. Unganisha diski ya nje au fleshi kubwa, unakili kwanza rekodi za kwaya, kisha mitihani na barua, na programu uziache kwa kuwa hizo zinapatikana kwingine. Fleshi nyingi huuzwa zikiwa kwenye mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofikia GB 4, kwa hiyo video ndefu ya tamasha inaweza kukataliwa hata kama fleshi ina nafasi tele. Ukikutana na hali hiyo, iformati fleshi hiyo, ikiwa haina kitu ndani, kwa mfumo wa exFAT au NTFS, na Windows 7 inaielewa yote miwili. Usiendeshe ukaguzi wa kurekebisha diski kabla hujamaliza kunakili, kwa sababu ukaguzi wa aina hiyo huilazimisha diski isome kila sehemu yake kwa saa nyingi, na kama kweli ni dhaifu inaweza kuishia hapo hapo. Kwa heshima zote kwa fundi wako, asipige Windows upya mtu yeyote mpaka mafaili hayo yamefunguliwa na kuonekana kwenye kompyuta nyingine.

Sasa niseme kuhusu betri, ambako ndiko naona mzizi wa usumbufu wako wa asubuhi. Juu ya mazabodi kuna betri bapa ya mviringo, nayo kazi yake ni kuifanya saa ya kompyuta iendelee kutembea na kutunza mipangilio ya bayosi, yaani ile programu ndogo inayoamka kabla ya Windows na kuamua ni diski ipi itakayosomwa kwanza. Maadamu kompyuta imechomekwa na swichi ya ukutani imewashwa, pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme, huendelea kupeleka umeme kidogo kwenye mazabodi hata kama wewe umekwisha kuizima, na betri haibebi mzigo wowote. Ukizima swichi ya ukutani jioni, mzigo wote huiangukia betri mpaka asubuhi. Hiyo ndiyo sababu kompyuta yako haisumbui ukiizima na kuiwasha mchana, na husumbua baada ya usiku mzima. Na kwa kuwa betri za aina hiyo hupungua nguvu zaidi kwenye baridi, si ajabu kwamba hali ilijitokeza katika msimu ambao Mafinga, Njombe na Makete watu huvaa makoti mawili. Onyo la tovuti za vyuo nalo linatokana na jambo hilo hilo. Tovuti yenye ulinzi hutoa hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini kwamba bado ni mwaka wa zamani huiona hati hiyo kuwa haijaanza kutumika, ikakataa kufungua ukurasa.

Betri inayotumika kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, ya volti 3, na tarakimu zake zinaeleza umbo lake: upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Huhitaji kusafiri kwenda Iringa wala Mbeya kuitafuta, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye rimoti nyingi za magari na baadhi ya mizani ndogo, na mafundi saa wengi wanayo. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha fungua ubavu wa boksi na ushike chuma chake kabla ya kugusa mazabodi, ili umeme tuli wa mwilini mwako usiunguze kitu. Sukuma kibanio kidogo cha pembeni, betri itainuka yenyewe. Weka mpya huku alama ya kujumlisha ikitazama juu. Fundi mwenye mita anaweza kuipima ile ya zamani: iliyo nzima huonyesha volti 3 au kuzidi kidogo, na ikiwa imeshuka chini ya 2.8 usiirudishe. Ukiwa umefungua boksi, tazama pia kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya mazabodi. Vikiwa vimevimba kichwani au vimetoa utomvu wa kahawia, hilo ni tatizo jingine kubwa zaidi, ambalo lilizikumba kompyuta nyingi za miaka ya 2000, na betri mpya haitalitibu.

Baada ya kubadilisha betri, kompyuta itataka F1 kwa mara nyingine, na hapo usibonyeze F1 tu ukapita. Ingia kwenye bayosi; kitufe chake hutofautiana kwa mtengenezaji, mara nyingi ni Del au F2, na kwenye kompyuta nyingi za HP ni F10. Sahihisha tarehe na saa, kisha tafuta mpangilio wa kuwashia na uiweke hadi diski iwe ya kwanza, kwa sababu mipangilio ya kiwandani kwenye mashine za umri huo mara nyingi hutanguliza CD au hata diski laini (floppy) za zamani. Kila betri iliposahau mipangilio yako, kompyuta ilirudi kwenye utaratibu huo wa kiwandani na kuanza kuhangaika na CD iliyosahaulika ndani, na ndiyo maana ilikwama zaidi siku hizo.

Hapo kwenye bayosi pana sehemu moja ninayokuomba uiangalie kwa umakini wa pekee. Inaeleza diski ya SATA, yaani ile ya waya mwembamba wa data, isomwe kwa njia ya IDE au ya AHCI. Windows 7 iliyowekwa chini ya njia moja mara nyingi haiwaki chini ya nyingine, bali hutoa kioo cha bluu chenye msimbo unaoishia na 7B na kuanza upya bila kukoma, na mafundi wengi wakiona hivyo hukimbilia kupiga Windows. Ukiona kioo hicho baada ya kubadilisha betri, rudi kwenye bayosi, badili njia hiyo kuwa ile nyingine, hifadhi, uwashe tena. Ikishawaka vizuri, piga picha kurasa zote za bayosi kwa simu yako uitunze, kwa kuwa siku nyingine betri itakapokwisha utakuwa na pa kurejea.

Iwapo baada ya hayo yote bado zipo asubuhi ambazo kompyuta inadai haioni diski, ingia kwenye bayosi wakati huo huo inapodai hivyo, utazame kama jina la hadi diski limeorodheshwa. Jina likiwapo, kompyuta inaiona diski, na kasoro imo kwenye mipangilio au kwenye Windows yenyewe. Jina lisipokuwapo, tafuta kwenye waya, kwenye pawa saplai, na mwisho kabisa kwenye diski. Kuna jaribio moja ambalo ningependa ulifanye kabla hujatoa hata shilingi moja: kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani, tenganisha kifaa cha CD kwa kuvuta nyaya zake mbili, ule wa umeme na ule wa data, kisha uitumie kompyuta hivyo kwa siku kadhaa. Kwenye mashine za zamani, kifaa cha CD na hadi diski huweza kutumia waya mmoja mpana wa bapa wenye matundu 40, na kifaa kimoja kinapougua juu ya waya huo huweza kumziba mwenzake. Hata kwenye waya mwembamba wa SATA, ambao kila kifaa huwa na wake, kifaa kibovu bado huweza kuichelewesha bayosi inapokisubiri kijitambulishe. Asubuhi zikitulia baada ya kukitenganisha, umempata mkosaji.

Kuhusu afya ya diski yenyewe, si lazima umwamini fundi wala mimi, kwa kuwa diski hujiandikia kumbukumbu zake. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo huzisoma na kukuonyesha kwa rangi: bluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Tazama mistari yenye alama 05, C5 na C6, inayohusu sehemu za diski zilizoharibika au zinazoshindwa kusomeka, kisha mstari wa C7, unaohesabu makosa yaliyotokea data ilipokuwa ikipita kwenye waya. Mistari mitatu ya kwanza ikiwa sufuri na C7 ikawa inaongezeka, badilisha waya, kwa sababu diski haina kosa. C5 ikiwa na hesabu inayopanda siku hadi siku, fundi alikuwa na hoja na utahitaji diski nyingine, ingawa hata hapo mafaili hutangulia kuokolewa. Ukisikia diski ikigonga tik, tik, tik kwa mfululizo wakati wa kuwaka, izime papo hapo na usiiwashe tena kwa kujaribu bahati, maana kila kuwasha kunaweza kuwa kunakwaruza pale pale zilipo nyimbo.

Nije kwenye kifaa cha CD. Kwamba kinasoma CD lakini hakisomi DVD si jambo la kushangaza, kwa kuwa kifaa hicho hutumia miale miwili ya leza: CD husomwa kwa mwale usioonekana wa nanomita 780, na DVD kwa mwale mwekundu wa nanomita 650, hivyo mmoja huweza kuchoka huku mwingine ukiendelea. Kwanza hakikisha juu ya uso wake pameandikwa DVD, kwa kuwa kifaa cha CD pekee hakiwezi kusoma DVD hata kikiwa kipya. Kama ni cha DVD, huenda lenzi imepata vumbi tu, na hilo unaweza kulijaribu: trei ikiwa wazi na umeme umechomolewa, pamba laini kavu, au yenye tone la spiriti safi ya dukani kwa dawa, ipitishwe juu ya kile kijicho bila kukikandamiza, mradi kinafikika. Usitumie petroli, thina wala manukato. Wako pia watu wa nyanda zetu za juu wanaopasha chumba joto kwa jiko la mkaa karibu na mashine, na majivu yake mepesi huingia ndani moja kwa moja. Ukiweza, jiko likae mbali.

Trei inayotoka nusu na kurudi mara nyingi ni kosa la mkanda mdogo wa mpira unaoisukuma, ambao kwa umri hulegea au huwa mgumu. Mkanda huo hubadilishwa, lakini kupata wenye ukubwa sahihi ni kazi, na nionavyo mimi kifaa ambacho trei yake inagoma na leza yake moja imechoka hakistahili gharama ya ufundi. Trei ikikataa kabisa na CD ya mteja iko ndani, zima kompyuta, nyoosha klipu ya karatasi, uiingize taratibu kwenye kitundu kidogo kilicho mbele ya kifaa. Klipu itasukuma meno ya ndani na trei itajitokeza kidogo kiasi cha kuvutwa kwa mkono. Ukiona kifaa kinaonekana kwenye bayosi lakini hakionekani kwenye Windows, usikimbilie kununua kingine, kwa kuwa huweza kuwa ni mabaki ya programu ya kuchomea CD iliyoondolewa vibaya, na hilo fundi hulirekebisha bila kifaa kipya.

Kwa kuwa unauza steshenari, nadhani CD za kwaya huwa unazibandika karatasi zenye picha na jina la kwaya. Ninakusihi uache. Kifaa chenye mwendo wa 52 huizungusha CD mara zipatazo 10,000 kwa dakika, na karatasi iliyobandikwa upande mmoja zaidi huifanya iyumbe, isisomeke vizuri, na ikianza kubanduka kwa joto la ndani hukwama kwenye trei. Andika kwa kalamu laini ya wino iliyotengenezwa kwa CD. Kalamu ya kawaida yenye ncha ngumu nayo haifai, kwa sababu kwenye CD tabaka linalobeba nyimbo liko chini kidogo tu ya upande wa jina, na si upande unaong'aa kama wengi wanavyodhani. CD yenye ufa, hata mdogo, usiiweke kabisa kwenye mashine, kwani kwa mwendo huo inaweza kupasuka vipande. CD za zamani za kwaya zilizochomwa dukani zinunuliwe muda, kwa maana kwamba uzinakili kwenye diski sasa, wakati leza ya CD bado inasoma. Rangi inayobeba data ndani yake hufifia, na hufifia upesi zaidi zikikaa dirishani kwenye jua.

Tabia yako ya kuzima swichi ya ukutani jioni uiendeleze, hasa kuanzia Novemba mpaka Aprili wakati wa radi. Betri mpya itaumudu mzigo huo kwa miaka.

Siku utakapokwenda kununua kifaa kingine cha CD, iwe Iringa mjini au Mwanjelwa, Mbeya, kwenye vifaa vilivyotumika, usiende mikono mitupu. Piga picha nyuma ya kile cha zamani: kikiwa na soketi pana yenye pini 40 na soketi ya umeme yenye pini nne nene, uliza cha IDE, na hakikisha kipini kidogo cha nyuma kimewekwa kwenye nafasi ile ile kilichokuwapo kwenye cha zamani; lakini kikiwa na soketi mbili nyembamba zenye umbo la L, uliza cha SATA. Mwombe muuzaji akichomeke mbele yako na asome DVD mojawapo uliyokuja nayo, si CD, kabla hujalipa.